UZI: Kitufe cha kijani kilichobonyezwa kimakosa, na kile kilichobonyezwa kwa makubaliano (North Carolina, Julai 2012)

MtiMkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, leo naumwaga wote.

Sisi tunaoishi upande huu wa North Carolina tumekisikia sana kisa cha yule mbunge aliyebonyeza kitufe kisicho chake usiku, frakingi ikapita. Kimekuwa kichekesho cha barazani. Mtu anasimulia, watu wanacheka, chai inaongezwa. Mwaka ule mimi nilikuwa Sanford, kaunti ya Lee, yaani nalala juu ya hiyo hiyo gesi iliyokuwa inagombewa. Nacheka pia. Lakini kicheko kikiisha nabaki na swali langu: mbona tunamsema aliyekosea, aliyekusudia tunampita kimya kimya?

Kwa wasioijua habari. Frakingi ni kuchimba kisima kwenda chini, ukifika kwenye mwamba wenye gesi unakunja kona na kuchimba kwa ubavu, kisha unasukuma maji, mchanga na kemikali kwa nguvu kubwa mpaka mwamba upasuke gesi itoke. Sheria za zamani za jimbo hili hazikuruhusu kuchimba kwa ubavu. Mwaka 2012 Republican, walioshika mabaraza yote mawili, wakaleta muswada wa kuruhusu, ule wa Seneti namba 820. Gavana alikuwa Bev Perdue, Democrat. Akaupiga veto, yaani akaukataa, Jumapili tarehe 1 Julai. Na sikilizeni, mama huyu hakuwa adui wa gesi. Alisema ichimbwe, ila muswada haukuwa na kinga ya kutosha kwa maji na kwa wananchi.

Jumatatu yake bunge likakaa kuzipindua veto za gavana. Zilikuwa tatu: ya bajeti, ya frakingi, na ya mabadiliko ya Racial Justice Act, sheria iliyowapa waliohukumiwa kifo nafasi ya kudai kwamba ubaguzi wa rangi uliingia kwenye kesi zao. Zote tatu zikaanguka siku moja. Mkifikiria hilo, mtaona frakingi ilikuwa mzigo mmoja tu kwenye lori lililojaa.

Seneti ilipindua kwa 29 dhidi ya 13, hapo hapakuwa na jasho. Jasho lilikuwa Baraza la Wawakilishi, lenye viti 120. Ili kupindua veto unahitaji tatu ya tano ya waliopo na wanaopiga kura. Republican walikuwa na viti 68. Hata wote wangeingia ukumbini na kushikana mikono, bado walihitaji Democrat wanne hivi. Kura ikapigwa inakaribia saa sita usiku. Matokeo: 72 ndiyo, 47 hapana. Waliopiga kura 119, tatu ya tano yake ni 71.4, kwa hiyo 72 ndiyo namba kamili iliyotakiwa. Haikuzidi hata moja.

Mmoja wa wale 72 ni Becky Carney, Democrat wa Charlotte, ambaye siku nzima alikuwa anawashika wenzake mikono wasiipindue veto. Akabonyeza kijani badala ya nyekundu. Alipogundua akataka kurekebisha. Kanuni za baraza zinaruhusu mbunge kubadili kura aliyoikosea, ISIPOKUWA kama mabadiliko hayo yanageuza matokeo. Ya kwake yangegeuza. Na Paul Stam, kiongozi wa walio wengi, alikuwa mwepesi: akatoa hoja ile ya kufunga mlango ili kura isirudiwe. Spika Thom Tillis akagonga nyundo, mchezo ukaisha.

Sasa mwingine kati ya wale 72 ni Susi Hamilton, Democrat wa Wilmington. Yeye hakukosea kitufe. Nitakuja kwake, wacha kwanza niweke maji jikoni.

Kigoda_cha_Mbele

Nimekaa hapa. Mwanzisha uzi usitukimbie kama wale wa "itaendelea".

bint_Lindi

Huku kwetu mashine ya nini, Spika anauliza, ukumbi unanguruma, "waliosema ndiyo wameshinda." Hakuna wa kukosea kitufe wala wa kuhesabiwa 😂

Lakini huyo mama Carney nami simwonei huruma sana. Umepewa kazi moja. Taa ya kijani na taa ya nyekundu.

MtiMkavu

Dada, nakuelewa, ila weka hesabu mezani. Toa kura ya Carney kwenye ndiyo, iweke kwenye hapana: inakuwa 71 kwa 48, veto inasimama. Sasa rudisha ya Carney kama ilivyo, halafu toa ya Hamilton: 71 kwa 48, veto inasimama. Toa ya Democrat mwingine yeyote aliyeungana nao, ni hivyo hivyo. Kura ikipita kwa namba kamili, kila mmoja wa wale 72 ndiye aliyeipitisha. Carney ametolewa uwanjani peke yake kwa sababu kisa chake kina utamu.

Haya, Hamilton. Wilmington ni mji wa pwani, na tangu miaka ya 1980 una studio kubwa ya filamu. Mafundi umeme, maseremala wa seti, wapishi, madereva, washonaji, wote wamejenga maisha hapo. Jimbo lilikuwa linarudishia kampuni za filamu asilimia 25 ya matumizi yao, mwisho dola milioni 20 kwa kazi moja. Msamaha huo wa kodi ulikuwa na tarehe ya kufa. Siku zile zile za mwisho za kikao, bunge likauongezea mwaka mmoja, uende mpaka mwisho wa 2014.

Kilichodaiwa na kuandikwa wakati ule ni kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa kwenye mizani moja: kura yake upande huu, mwaka mmoja wa filamu upande ule. Nipe nikupe. Mimi sikuwa chumbani, na ninyi hamkuwa. Lakini tuseme ilikuwa hivyo. Je, ni kosa?

Wakili_wa_Kona

Kisheria? Si kosa, mkuu. Mbunge akipokea bahasha mfukoni mwake, hiyo ni rushwa, anakwenda jela. Mbunge akisema "nikusaidie lako, unisaidie langu", na hilo langu ni la wapiga kura wake, hiyo ndiyo kazi ya bunge tangu mabunge yawepo. Marekani yenyewe imejengwa hivyo. Mwaka 1790, Hamilton yule wa zamani, Waziri wa Fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo. Jefferson na Madison, watu wa Kusini, walitaka makao makuu yawe kando ya mto Potomac. Wakala chakula pamoja, kila mmoja akaondoka na lake. Mnaionaje Washington? Mji wa nipe nikupe kuanzia msingi.

Jina la Hamilton kujirudia ni bahati tu, ila nimelifurahia.

Nairobi_Juu

Wakili, hapo umeteleza kidogo. Madeni na mji mkuu, kila upande ulikuwa unalipa kwa mali yake. Hamilton wa Wilmington alilipa kwa mali ya nani? Gesi iko kwa kina MtiMkavu huko Sanford, filamu ziko kwake pwani. Ni kama mimi niuze ng'ombe wako ninunue suti yangu, halafu niseme biashara ilikuwa halali.

Wakili_wa_Kona

Nimesema kisheria, sijasema kiungwana. Soma tena.

FundiKisima

Habari zenu. Mimi nachimba visima vya maji Dodoma, siasa za huko sizijui, ila la ardhini niachieni.

Nimekwenda kutazama habari za hilo bonde wanaloliita Deep River. Mwamba wenye gesi upo kwenye tabaka la Cumnock, na hapo hapo zamani walichimba makaa ya mawe. Mwaka 1925 mgodi wa Coal Glen ulilipuka, wakafa watu 53. Gesi ipo, haina ubishi, ile ile iliyowaka 1925. Lakini wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani walikadiria Juni 2012, mwezi mmoja tu kabla ya hiyo kura, kwamba bonde zima lina futi za ujazo trilioni 1.66. Inasikika nyingi. Nchi nzima ya Marekani mwaka huo ilichoma kama trilioni 25. Gawanya mwenyewe: gesi ya siku 24 hivi.

Na mwamba wake hauko mbali sana na uso wa ardhi ukilinganisha na wa Pennsylvania. Vijijini huko watu wengi wanakunywa maji ya kisima. Sisi mafundi tunajua kisima kinavuja wapi: si kule chini kabisa wanakopiga picha, ni pale bomba la ukuta lilipofungwa saruji kwa haraka. Pamoja na hayo, kuna maji machafu yanayorudi juu. Hayo unayapeleka wapi? Ndilo swali la kuuliza kabla ya kura, na nadhani gavana ndicho alichokuwa anakisema.

Bint Lindi, usije ukachanganya na gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay. Ile inatoka yenyewe ukiitoboa, haihitaji kupasuliwa mwamba.

bint_Lindi

Asante fundi. Nilikuwa naelekea huko huko kuuliza.

MtiMkavu

Fundi umenipa njia. Sasa ongezeni hili, ambalo mimi nililigundua nikiwa nimesimama darajani, si kwenye gazeti.

Mto Deep unakutana na mto Haw huko Chatham, kaunti jirani na Lee. Vikikutana vinapata jina jipya: Cape Fear. Cape Fear unateremka, unapita Fayetteville, unaishia baharini wapi? Wilmington. Na Wilmington wanakunywa maji ya mto huo.

Kwa hiyo Nairobi_Juu, ng'ombe hakuwa wangu peke yangu. Maji ya kwetu ndiyo maji ya kwao. Hamilton alikuwa mwakilishi wa watu walio mwisho wa bomba. Mwaka 2017 watu wa Wilmington ndipo walipoambiwa kwamba maji yao yana GenX, kemikali iliyotoka kiwandani karibu na Fayetteville. Hiyo haihusiani na frakingi hata chembe, msije mkanitungia uongo. Ninachosema ni kwamba aliye mwisho wa mto hachagui kinachomwagwa juu. Na huyo mbunge wao alikuwa na kura kuhusu cha juu.

PapaGoma

Bandugu, mimi niko Greensboro, nilifika kutoka Goma. Nataka kumtetea huyo mama kidogo.

Kuna jirani yangu mmoja, seremala, alikuwa anajenga nyumba za uongo za filamu kule Wilmington. Ukuta mzuri mbele, nyuma vijiti tu. Alilisha watoto watatu kwa kazi ile. Kwake frakingi ilikuwa neno la televisheni, filamu ilikuwa kodi ya nyumba. Angekuwa yeye mbunge, angefanya nini? Angebonyeza kijani mara mbili.

Na tusisahau, Hamilton alikuwa kwenye chama cha wachache. Mbunge wa wachache ana nini cha kuuza? Kura yake tu, na ile siku moja inapohitajika. Kesho yake hakuna anayemjua.

Nairobi_Juu

Papa, hapo umenigusa. Lakini seremala wako aliishia wapi?

PapaGoma

Atlanta.

MtiMkavu

😂😂 Pole, sicheki jirani yako. Nacheka kwa sababu PapaGoma amemaliza nusu ya uzi wangu kwa neno moja.

Maana ndicho kilichotokea. Ule mwaka mmoja ulikwisha. Mwisho wa 2014 msamaha wa kodi ukafa kweli, bunge lile lile la Republican likakataa kuufufua, likaweka mahali pake mfuko wa ruzuku ulioanza na dola milioni 10 kwa jimbo zima. Linganisha na milioni 20 kwa kazi MOJA. Georgia jirani walikuwa wanatoa mpaka asilimia 30. Mafundi wakafunga vifaa wakahamia Atlanta. Kwa hiyo kama kweli bei ya kura ilikuwa ile, alinunua miezi kumi na miwili.

Na waliomuuzia walipata nini? Mwaka 2014 gavana mpya, Pat McCrory, Republican, akasaini sheria ya kukamilisha kuufungua mlango, vibali vianze kutolewa kuanzia 2015. Bei ya gesi tangu 2012 ilikuwa imeshaanguka, Aprili mwaka ule ilishuka chini ya dola 2 kwa milioni moja ya BTU, kipimo chao cha joto la gesi. Kampuni kubwa zikatazama zile siku 24 za gesi, zikatazama Pennsylvania, zikabaki Pennsylvania. Hata tume ya kusimamia mafuta na gesi iliingia kwenye mgogoro wa nani mwenye haki ya kuteua wajumbe, gavana au bunge. McCrory mwenyewe akawashtaki viongozi wa bunge wa chama chake, na Januari 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ikampa ushindi.

Kwa hiyo huyu aliuza kura kwa filamu zilizohama, wale wakainunua kwa gesi isiyochimbwa.

Wakili_wa_Kona

Hapo ndipo ninapokataa mkuu. Unahukumu biashara ya 2012 kwa bei ya 2016. Wakati ule nani alijua? Kama bei ya gesi ingepanda mara tatu, leo ungekuwa unaandika uzi mwingine kabisa: "jinsi mbunge mmoja alivyowapa watu wa Lee utajiri."

MtiMkavu

Wakili, sihukumu kwa matokeo. Hebu nieleze upande wa chini, wa huku kwetu, labda utanielewa.

Jirani yangu Sanford alikuwa mzee mmoja mwenye ekari zake, mtu wa kanisa na viazi vitamu. Miaka michache kabla ya kura hiyo walimpitia madalali wa ardhi, wale wanaotembea na mafaili nyumba hadi nyumba. Wakamwekea karatasi, dola kidogo kwa ekari, asaini haki ya gesi. Akasaini. Baadaye binti yake alipoisoma ndipo akaelewa kwamba huku Marekani ardhi ya juu na madini ya chini ni mali mbili, unaweza kumiliki shamba huku mwingine anamiliki kilicho chini ya kitanda chako. Na kuna sheria ya zamani, ya 1945, ambayo ingeweza kumwingiza kwa lazima hata jirani aliyekataa kusaini, kama waliomzunguka wamekubali. Mimi nilikuwa mpangaji, sina cha kusaini, nilikuwa nabeba kuku kiwandani zamu ya usiku. Lakini maji ya kisima tulikuwa tunakunywa pamoja.

Watu kama yule mzee walitaka kitu kimoja: kabla mlango haujafunguliwa, mikataba ile ikaguliwe, visima vipimwe, iandikwe nani analipa kisima kikiharibika. Hicho ndicho kilichokuwa kinapigiwa kura usiku ule, kwa maana yake halisi. Muda. Bila veto, kazi ya kuandika kanuni walipewa wateule wa wale wale waliotaka kuchimba. Hamilton aliupata mwaka mmoja wa watu wake. Sisi tulikuwa tunaomba mwaka kama huo huo.

Kwa hiyo gesi ingepanda, ingeshuka, malalamiko yangu yangekuwa yale yale.

Wakili_wa_Kona

Sawa. Hilo nimelipokea. Bado nasema si kosa la jinai.

Kigoda_cha_Mbele

Swali la mjinga: hao wawili wapiga kura wao waliwafanya nini?

MtiMkavu

Si la mjinga. Hakuna aliyeumia. Carney ameendelea kurudishwa bungeni miaka mingi baada ya hapo. Hamilton naye hakuzama: Januari 2017 gavana Roy Cooper, Democrat mwenzake, alimteua kuwa waziri wa jimbo wa maliasili na utamaduni. Maliasili NA utamaduni, jamani, mto na filamu kwenye ofisi moja. Tillis aligombea Seneti ya Marekani 2014 akashinda.

bint_Lindi

Waziri wa maliasili 🙆🏾‍♀️

FundiKisima

MtiMkavu, la mwisho nikalale. Visima vya gesi vingapi vimechimbwa huko tangu kura ile?

MtiMkavu

Vya biashara? Hakuna hata kimoja. Kuna vya majaribio vilivyochimbwa miaka ya 1990, vikafunikwa.

FundiKisima

Na mkataba wa yule mzee?

MtiMkavu

Uliisha muda wake, hakuna aliyerudi kuuhuisha. Binti yake alinipigia nikiwa nimeshahamia Durham, akaniambia mzee amebaki na nakala moja tu, ameihifadhi ndani ya Biblia. Sikumuuliza kwenye kitabu gani.